GPS ya gari langu ilizima injini katikati ya Barabara ya Mandela

Baada ya gari la kaka yangu kuibwa, nilikwenda Kariakoo kufunga GPS, ile ya kuliona gari kwenye simu na kulizima ukiwa mbali. Miezi ya mwanzo niliipenda, sikatai. Hata shemeji yangu wa Morogoro alifunga siku ileile.

Sasa siku moja natoka Ubungo, watoto wawili nyuma, nakaribia Buguruni, injini ikakata. Usukani ukawa mzito ghafla, breki nikikanyaga mara ya pili, ya tatu, ngumu kama jiwe, na nyuma yangu lori la kontena linapiga honi. Namshukuru Mungu dereva yule alinikwepa.

Mafuta yalikuwa nusu tanki. Fundi akafuata waya wa pampu ya mafuta hadi kwenye rilei ya GPS, ile swichi ya kukata umeme wa pampu: imekata. Akaunga waya moja kwa moja, gari likawaka. Kufungua simu, nakuta amri ya kuzima injini, saa ileile. Simu yangu muda wote ilikuwa kwenye mkoba!

Nikaenda ofisini kwa hao walionifungia GPS kuuliza nani kazima gari langu. Kijana wa kaunta hata macho hakuinua. "Mama, wewe endesha gari, mambo ya mtandao tuachie sisi." Mbele za wateja. Watoto wangu wamenusurika kufa, ananijibu hivyo!

Usiku nikakumbuka nenosiri walilonipa: 123456. Hakuna aliyeniambia nibadilishe. Nikampigia shemeji, akaniruhusu nijaribu kwake. Namba ya kifaa chake inapishana na yangu tarakimu moja tu ya mwisho. Nikaiandika, nikaweka 123456, gari lake likatokea kwenye simu yangu, limeegeshwa Msamvu, na chini yake kitufe chekundu cha kuzima injini. Mkono ulinitetemeka, nikaitupa simu kitandani.

Na si jambo jipya. Julai 2022 Marekani walitoa tahadhari juu ya GPS aina ya MV720 (yangu si hiyo), ambayo kampuni yake ilikuwa na wateja nchi 169. Watafiti walijaribu vifaa 1,000, vikakutwa 945 bado vina 123456. Mwaka 2015 wataalamu wawili, wakiwa wamekaa nyumbani, waliipokonya nguvu Jeep Cherokee ikiwa barabara kuu, kwa intaneti tu. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Hayo ndiyo mambo ya mtandao niwaachie wao?

Nilitaka niandike msifunge GPS kabisa. Lakini gari la jirani yangu lilipatikana Chalinze kwa sababu ya kifaa kama hiki, siwezi kudanganya. Basi fungeni, ila mkatae ile rilei ya kuzima injini, na nenosiri mbadilishe palepale kabla fundi hajaondoka. Kwa hao wa kwangu lakini, hapana, msikanyage. Nimebadilisha mawazo hata hizo nyota mbili nilizotaka kuwapa.

Juzi kijana yuleyule kanipigia. Anasema ada ya mwaka imeisha, nilipie lini?