Uzoefu wangu: kopi ya cheti cha kifo cha baba mdogo, baada ya mchwa kula cha kwanza

Jamani ngoja niandike hii maana nimezunguka karibu wiki tatu kwa kitu ambacho kama ningejua pa kuanzia kingeisha ndani ya siku chache tu. Huduma ya ofisi ya msajili wa vifo nawapa nyota 3 kati ya 5. Hizo mbili nilizokata, moja ni ya kwao, moja ni ya kwetu wenyewe ukoo mzima.

Baba mdogo alifariki 2009. Cheti kilichukuliwa mapema, babu alikuwa mtu wa makaratasi sana, akakiweka kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda kule kijijini Manchali, Dodoma. Sasa aliyekulia nyumba za tembe za Ugogoni ameshajua kinachofuata. Mama mdogo kafungua sanduku mwezi wa sita amtolee mtoto cheti, kakuta udongo. Mchwa wamekula daftari la michango ya msiba, wamekula picha za harusi, na cheti kimebaki kipande cha juu ukubwa wa kiganja, ile nembo ya bibi na bwana imebaki nusu, bwana yupo bibi kaliwa, na namba imekatikia katikati.

Na haraka ilikuwepo. Mtoto kamaliza form six anaomba mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, na ukijaza kwamba mzazi mmoja kafariki Bodi inataka cheti cha kifo kilichohakikiwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mjomba mmoja akaleta karatasi kutoka kwenye mafaili yake, kafurahi kweli, "hiki hapa", kumbe ni kibali cha mazishi. Kibali ni cha kukuruhusu kuzika basi, cheti ni kingine, na kuna watu wanakaa miaka na kibali wakijua wana cheti mpaka siku wakienda kufungua mirathi ndo wanaambiwa.

Tukapata fotokopi moja kwenye begi la shule la mtoto, kopi ya kopi, imefifia utafikiri imefuliwa. Nikasema haina shida, tunaenda kwa wakili anagonga mhuri tumemaliza. Nikamleta mama mdogo mjini, tukaenda kwa wakili mmoja karibu na soko la Majengo. Yule baba akaishika ile kopi akaigeuza, akauliza, "Mama, asilia iko wapi niione?" Mama mdogo akafungua kanga akatoa kile kipande cha mchwa. Wakili akakiangalia muda mrefu kidogo, akasema kwa upole, "Pole sana mama yangu, lakini mimi mhuri wangu unasema nimeiona asilia na hii inafanana nayo. Hiki sikioni. Nendeni kwa msajili, kitabu hakijaliwa." Hela yetu hakuchukua hata mia.

Hapo ndo nikaelewa, na nadhani wengi tunachanganya. Kuna kopi ya mhuri wa wakili au hakimu, ile unayo cheti mkononi unataka kivuli kikubalike mahali. Halafu kuna nakala inayotoka kwa msajili mwenyewe, anaingia kwenye rejista kifo kilimoandikishwa anakutolea upya. Cheti kikipotea, kikiungua, kikiliwa, dawa ni hii ya pili tu, wakili hawezi kukusaidia. Kwenye foleni nilikutana na dada kaibiwa begi zima kwenye basi, yeye alikuja na karatasi ya polisi ya upotevu. Sisi tulikuwa na kipande chetu kwenye mfuko wa lambo.

Kosa letu sasa. Tulimzika Manchali, kwa hiyo tukapanda gari la Chamwino, kwa msajili wa wilaya yetu, bila kuuliza mtu. Tumefika, tumekaa, zamu yetu imefika, mama wa dirishani swali lake la kwanza, "Alifia wapi?" Tukasema hospitali, tukataja. Akacheka kidogo, "Wazazi wangu, kifo kinaandikishwa kilipotokea, sio kaburi lilipo." Basi. Siku imeisha hivyo, nauli ya watu wawili, na mama mdogo miguu inamsumbua. Ila yule mama alituelekeza vizuri, hilo nalisema.

Hospitali yenyewe iko wilaya nyingine, siitaji, ni humu humu mkoani. Ofisi ya msajili ipo pale kwenye ofisi za mkuu wa wilaya. Kabla hujaingia ndani kuna kijana kakaa chini ya mwarobaini na faili la bluu, anakuita "shem, cheti eeh?" na akakutajia elfu hamsini, leo leo unaondoka nacho. Kishoka huyo. Ndani hakuna mtu aliyeniomba hela mkononi, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, meseji ikirudi unaonyesha. Mtu akikwambia mlipe yeye cash basi ujue hiyo ni ya kwake.

Tukajaza fomu, nikatoa kitambulisho changu cha NIDA na cha mama mdogo, barua ya mtendaji wa kijiji tuliyotoka nayo nyumbani, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachoonyesha jina la baba, ile fotokopi iliyofifia na kipande cha mchwa. Yule karani alikipenda kile kipande bana, alisema ndo mara ya kwanza kuona mtu anatembea na ushahidi wa mchwa. Shida ikawa tarehe. Mama mdogo anakumbuka "tulikuwa tunavuna mtama". Mimi nikajiona mjanja, nilipiga picha msalaba wa kaburini, nikasoma tarehe kwenye simu. Karani kaingia kutafuta, karudi, hakuna. Mje wiki ijayo.

Tumerudi wiki ijayo, aliyekuwa na faili letu kaenda semina. Mje kesho. Hapa ndipo nyota moja ilipoondoka, maana wangepiga simu tu, namba yangu iko kwenye fomu kubwa kabisa, na mtu anatoka Manchali na magongo. Kesho yake yule karani wa kwanza yupo, tukakaa naye, nikamwonyesha ile picha tena, akaikuza, akasema, "Hii si imeandikwa amezikwa?" Aisee. Kweli fundi aliandika siku ya mazishi, na sisi tulimsubiri shangazi atoke Mwanza siku mbili. Akarudi nyuma siku mbili, haikupita nusu saa kampata. Kitabu kikubwa, mwandiko wa mkono, wino bado mweusi kabisa. Mama mdogo akaomba aone. Karani akamsogezea akamwekea kidole kwenye mstari. Hakusema kitu, alikaa tu akauangalia ule mstari.

Cheti kimetoka siku mbili mbele, cha kompyuta, kizuri. Mimi mkono tayari uko mlangoni, mama mdogo ananiambia nisomee kwanza. Nasoma, jina "Johana". Kitabuni ni Yohana, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni Yohana. Herufi moja, mtu atasema ndogo, lakini hiyo herufi moja uhakiki ungegoma, na ukishaondoka ukarudi baada ya mwezi unaanza kutafutiwa viapo. Nikarudi dirishani, hakukuwa na ubishi, akafungua kitabu, akalinganisha, akatoa kingine pale pale nikasubiri kama dakika arobaini. Kwa hiyo soma kila kitu ukiwa bado umesimama dirishani, jina, jinsia, tarehe, mahali, usione aibu na foleni nyuma yako.

Uhakiki wa RITA nikaombea mtandaoni kwenye mfumo wao wa eRITA, unaskani cheti unapakia, unalipa kontrol namba nyingine, majibu yalikuja kabla dirisha la mkopo halijafungwa. Mzee mmoja pale kijijini alivyosikia RITA akauliza ndo nini, nikamwambia Kabidhi Wasii, akasema si ungesema hivyo toka mwanzo.

Baadaye tukarudi kwa yule wakili wa Majengo na cheti kipya, akagonga mhuri kopi tano, akamwambia mama mdogo "sasa nimeiona". Tatu ziko kwangu, mbili kwa mtoto. Asilia mama mdogo kaitia kwenye lambo mbili, kaiweka kwenye ndoo ya mafuta yenye mfuniko, ndoo kaining'iniza darini kwa waya. Na kile kipande cha mchwa nilitaka kukitupa akakataa, kimo humo humo ndooni.