Kibanda umiza cha Makorora: mtafsiri anayejua kuuliza

Wapenda filamu wa Tanga, kuna kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, pale Makorora nakipendekeza kwa moyo wote. Kiingilio shilingi 500, mabenchi hayana egemeo, feni ni moja tu. Watu wanamfuata mtafsiri, anayeifasiri filamu kwa Kiswahili papo hapo.

Juzi aliweka Minority Report ya Steven Spielberg, ya mwaka 2002. Ni Washington ya mwaka 2054: watu watatu wamelazwa bwawani, wanaona mauaji kabla hayajatokea, na mashine inatoa mpira wa mbao wenye jina la muuaji. Polisi wanamkamata kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Mpira ulipobingirika na jina la John Anderton, kiongozi wa polisi haohao, mtafsiri akasimamisha picha: “Haya jamani, huyu ana pa kukwepea?” Mzee wa benchi la mbele akamjibu, “Mwanangu, kilichoandikwa kimeandikwa.” Kibanda kizima kikaanza kubishana!

Mimi ni Mmormoni, muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kwetu swali hilo ni la msingi. Tunaamini tuliishi na Mungu kabla ya kuzaliwa, na huko Shetani alijitolea kuwaokoa watu wote, asipotee hata mmoja, ila kwa kutupokonya haki ya kujiamulia. Imo katika Lulu ya Thamani Kuu, mojawapo ya maandiko yetu matakatifu, kitabu cha Musa sura ya 4. Ndiyo maana polisi wale wananitisha kuliko wauaji. Miaka sita mji hauna mauaji, raia wanashangilia, na hakuna anayepewa nafasi ya kughairi. Mungu anajua yajayo, lakini kujua kwake hakumfungi mtu mikono.

Tazameni Anderton anapomkuta mtu anayeamini ndiye aliyemwiba mwanawe. Bastola anayo, hasira anayo, ila anaanza kumsomea haki zake. Yule mtu anakufa hata hivyo, kwa kuivuta bastola mwenyewe. Tukio limetokea, lakini Anderton alikwisha kuamua asiue. Kwangu hiyo ni 2 Nefi 2:27 katika Kitabu cha Mormoni, kwamba tuko huru kuchagua.

Lalamiko langu ni hapohapo: Agatha, mmoja wa wale watatu wa bwawani, anapomwambia Anderton kwamba bado anaweza kuchagua, mtafsiri alikuwa akipiga stori juu ya sauti yake, na wengi hawakusikia. Nimeomba wiki ijayo aweke The Matrix ya 1999. Kaka mtafsiri, Neo, shujaa wake, akinyoosha mkono kuchagua kati ya kidonge chekundu cha kujua ukweli na cha bluu cha kurudi maisha ya kawaida, tuache tusikie kwanza, ndipo utueleze.