Tahadhari: barua na vifaa bandia vinavyowawinda wenye bitikoini

Ninawatahadharisha wote wanaohifadhi bitikoini, ile sarafu ya kidijitali, katika vifaa vya Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa vidogo vya kutunzia funguo za pochi ya kidijitali. Wapo matapeli wanaotuma barua kwa posta, zenye nembo ya kampuni hiyo na anwani sahihi ya mpokeaji, wakimtaka askani kwa simu msimbo wa QR uliochapishwa humo na kuingiza maneno yake 24 ya siri, ambayo anayeyajua anaweza kuifungua pochi, kwa kisingizio cha kuhakiki usalama, la sivyo atazuiwa kuifikia pochi yake. Barua hizi zilisambazwa mwaka 2025. Mwaka 2021 walituma hata vifaa vyenyewe, vimefungwa kama vilivyotoka kiwandani ilhali vimechokonolewa ndani ili kuiba maneno hayo.

Anwani wanazo. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa duka la mtandaoni la Ledger ziliibwa, na mwezi Desemba majina, anwani za nyumbani na namba za simu za wateja zaidi ya 270,000 zikamwagwa hadharani.

Hofu yangu kubwa ni kwamba anayeijua nyumba ya mwenye mali hahitaji utaalamu wa kompyuta, silaha inamtosha. Tarehe 21 Januari 2025 huko Ufaransa, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, alitekwa nyara nyumbani kwake pamoja na mkewe, akakatwa kidole huku watekaji wakidai fidia kwa sarafu za kidijitali, hadi askari wa kikosi maalumu walipowaokoa. Sisemi kwamba utekaji huo ulitokana na orodha ile. Ninasema kwamba bitikoini ikishahamishwa na muamala ukathibitishwa, hakuna benki ya kuurudisha, na wahalifu wanalijua hilo vizuri.

Kwa hiyo, kifaa ulichotumiwa bila kukiagiza mwenyewe usikitumie, na kifaa chochote kinachouzwa kikiwa na maneno ya siri yaliyokwisha kuandikwa kikatae, kwa kuwa aliyeyaandika anabaki na ufunguo wa pochi yako. Agizo lako lipelekwe kwenye sanduku la posta, si nyumbani. Wanaouziana bitikoini ana kwa ana na kulipana kwa simu wakumbuke kwamba jina na namba yao hubaki kwa mtu wasiyemfahamu. Msikutane naye nyumbani, wala msimwonyeshe salio.

Mwenye akiba kubwa aiweke katika pochi inayohitaji funguo mbili kati ya tatu ili kuhamisha fedha, zikitunzwa mahali tofauti, ili hata akishikiwa bunduki asiweze kuihamisha yote hapo hapo. Kiasi kidogo kibaki kwenye pochi ya simu, na akivamiwa akitoe bila ubishi, maana uhai haulipiki.

Aliyekwisha kuingiza maneno yake kwa kufuata barua kama hiyo asisubiri kuibiwa: atengeneze sasa hivi pochi mpya yenye maneno mapya kwenye kifaa halisi, ahamishie humo sarafu zote, kisha atoe taarifa polisi, na barua yenyewe aitunze kama ushahidi.