Kliniki ya macho inayopima kazi yake: upasuaji wa mtoto wa jicho Lubumbashi

Kliniki ninayoitathmini hapa iko katikati ya mji wa Lubumbashi, upande wa Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na ndiyo iliyompasua mama yangu mzazi jicho la kulia lililokuwa na mtoto wa jicho. Nimeamua kutoitaja kwa jina, kwa kuwa nitaisifu kwa mambo kadhaa na kuilaumu kwa mengine, na zaidi ninataka msomaji apate kigezo cha kupimia kliniki yoyote atakayompeleka mzazi wake. Kigezo changu kikuu ni kimoja: je, waliopasua humwita tena mgonjwa jicho likishapona, wakalipima, na kulinganisha walichopata na walichokuwa wamekadiria? Hapa wanafanya hivyo, na mimi, mwalimu wa fizikia, nimeona ni jambo linalostahili kuandikwa kwa kirefu.

Lazima kwanza nieleze habari ya jicho la kushoto. Lilipasuliwa miaka mingi iliyopita, mbali na Lubumbashi, katika kampeni ya siku chache iliyokusanya wazee wengi kwa pamoja. Upasuaji wenyewe ulikuwa safi na jicho halikupata maradhi yoyote, lakini hakuna aliyepima urefu wake kabla ya kuweka lenzi ya bandia, na mama alirudi nyumbani bila karatasi inayoonyesha lenzi hiyo ilikuwa ya nguvu gani. Leo jicho hilo linahitaji miwani ya diopta 2.00 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) upande wa kujumlisha (+) ili kuona mbali, na zaidi ya hapo ili kuona karibu. Mama ni fundi cherehani, ameshona nguo katika mtaa wa Katuba tangu ujana wake. Kwa fundi wa namna hiyo, jicho ambalo bila miwani halioni vizuri mbali wala karibu ni jicho lililopasuliwa bila kurudishwa kazini.

Tatizo hilo lina umri sawa na lenzi yenyewe. Daktari Mwingereza Harold Ridley alipoanza kuweka lenzi ya bandia ndani ya jicho, mjini London mwezi Novemba 1949, mgonjwa wake wa kwanza alibaki na hali kali ya kutoona mbali, kwa kuwa nguvu ya lenzi ilizidi mno mahitaji ya jicho. Tangu hapo sehemu kubwa ya maendeleo ya fani hii imekuwa ni kujifunza kukadiria kabla, kupima baada, na kurekebisha makadirio. Nguvu ya lenzi inayofaa hutegemea hasa mambo mawili: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na mpindo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 23 na nusu hivi, lakini watu hawalingani, na kosa la milimita moja tu katika urefu huzaa kosa la karibu diopta 2.5 hadi 3 katika miwani. Katika jicho fupi kosa huzidi hapo. Anayeweka lenzi ya nguvu moja kwa kila mtu huwapata vizuri wenye macho ya wastani, na waliobaki huwaachia mzigo wa miwani ambayo mara nyingi hawaipati.

Kipimo cha biometria, yaani cha urefu na mpindo wa jicho, nilikishuhudia kwa karibu. Muuguzi alianza na keratometa, kifaa cha kupimia mpindo wa konea, kabla ya kitu chochote kuligusa jicho, kwa sababu matone ya ganzi na mguso huharibu ulaini wa uso wa konea na kupotosha kipimo cha mpindo. Kisha alitia matone ya ganzi, akamwomba mama atazame taa ndogo nyekundu, akaisogeza ncha ya mashine ya mawimbi ya sauti hadi ikakaribia jicho. Kliniki haina mashine ya kupima kwa mwanga, ambayo haigusi jicho kabisa, na hata wangekuwa nayo, mtoto wa jicho mzito kama wa mama huenda angezuia mwanga kupita. Mawimbi ya sauti hupita, lakini yana hatari yake: ncha ikiibonyeza konea, jicho hufupishwa, mashine husoma urefu mdogo kuliko ulivyo, na hesabu hutoa lenzi yenye nguvu kupita kiasi. Ndiyo maana hapa huweka kikombe kidogo chenye maji juu ya jicho na kuitumbukiza ncha ndani ya maji, isiiguse konea. Vipimo kumi vilisomwa kwa kila jicho. Viwili ambavyo havikulingana na vingine muuguzi alivifuta, akapima upya. Alipima hata jicho la kushoto ambalo halikuwa la kupasuliwa, kwa kuwa macho ya mtu mmoja kwa kawaida hukaribiana urefu, na yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3 bila sababu inayojulikana, ni lazima kipimo kirudiwe. Jicho la kulia lilitoka na urefu wa milimita 21.9.

Hapo ndipo dokta aliponivutia zaidi. Kwa jicho fupi chini ya milimita 22 hakuridhika na fomula ya kukadiria nguvu ya lenzi iitwayo SRK/T, ya mwaka 1990, ambayo mashine ilikuwa imeichagua yenyewe. Aliilinganisha na Hoffer Q ya mwaka 1993, ambayo wengi huiamini zaidi kwa macho mafupi. Baada ya hapo alimgeukia mama, asinielekee mimi kama wafanyavyo wengi wanapomwona mzee amesindikizwa.

"Mama, ukiamka bila miwani, unataka kuona nini kwanza, barabara au sindano?"

"Sindano, dokta. Barabara wajukuu watanionyesha."

Swali hilo si la adabu tu, ni sehemu ya hesabu. Lenzi ya kawaida huona vizuri kwa umbali mmoja, na fundi cherehani anaweza kuwekewa lenzi inayomwachia diopta 2.00 au 2.50 upande wa kutoa (−), yaani wa kuona karibu, ili ashone bila miwani na avae miwani anapotoka. Dokta alieleza kwa subira kwa nini alilazimika kumkatalia. Jicho la kushoto liko upande wa kujumlisha kwa 2.00, na tofauti kati ya macho mawili ikipita diopta 3 hivi, miwani huwa vigumu kuvumilika, kwa kuwa kila jicho huleta picha ya ukubwa wake na ubongo hushindwa kuziunganisha. Lengo likawekwa kuwa 0.50 upande wa kutoa, pamoja na miwani ya kushonea. Niliumia kuona kwamba lenzi iliyochaguliwa bila kipimo miaka mingi iliyopita ilikuwa bado inamnyima mama uchaguzi katika jicho jingine.

Kuhusu siku ya upasuaji sina mengi ya kusema. Ulifanywa kwa mkato mdogo unaojifunga bila nyuzi, njia inayotumika sana Afrika kwa sababu haihitaji mashine ghali ya fako, inayovunja mtoto wa jicho kwa mawimbi ya sauti, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ulipokatika taa za chumba cha upasuaji ziliendelea kuwaka kwa betri. Lililo muhimu kwa msomaji ni kabati la lenzi. Nimewahi kuonyeshwa mahali pengine sanduku lenye lenzi za nguvu tatu au nne tu, na kipimo kizuri namna gani hakina faida ikiwa lenzi iliyokadiriwa haipo. Hapa masanduku yamepangwa kwa hatua ya nusu diopta, na mengi ni ya Aurolab, kiwanda cha Madurai, India, kilichoanza mwaka 1992 na kusaidia kushusha sana bei ya lenzi hizi. Lenzi ya mama ilikuwa ya 25.5. Lebo yake ilibandikwa katika kijitabu chake, na kijitabu hicho tumekitunza pamoja na hati za nyumba.

Wiki sita baadaye aliitwa. Muda huo si wa kubahatisha, kwa kuwa mkato huhitaji wiki kadhaa kutulia, na miwani iliyoandikwa mapema mno hubadilika. Mbele ya ubao wa herufi, bila miwani, jicho la kulia lilisoma 6/10, na kwa miwani likafika 9/10. Kipimo cha miwani kilikuwa 0.25 upande wa kutoa, pamoja na silinda, yaani marekebisho ya konea isiyopinda sawa pande zote, ya 1.25, nayo upande wa kutoa. Dokta alichukua nusu ya silinda, akaijumlisha na namba ya kwanza, akapata takriban 0.87 upande wa kutoa. Alikuwa amekadiria 0.50. Tofauti ni chini ya nusu diopta, na aliiandika mbele yangu, kwa kalamu nyekundu, katika safu ya mwisho ya daftari kubwa.

Daftari hilo ndilo hasa ninalolisifu. Kila jicho lina mstari wake: urefu, mpindo, lenzi iliyowekwa, namba iliyokadiriwa, namba iliyopatikana baada ya wiki sita, na tofauti yake, ikiandikwa kama ni ya kujumlisha au ya kutoa. Alama hiyo ndiyo yenye elimu. Makosa yanayotawanyika pande zote mbili yanaonyesha vipimo visivyo imara, lakini yakiegemea upande mmoja, basi kuna kitu kimoja kinachoyavuta yote. Dokta alinionyesha kurasa za zamani, kabla ya kikombe cha maji, ambapo mstari baada ya mstari tofauti ilikuwa upande wa kutoa. Wakati huo ncha ilikuwa ikigusa konea na kuibonyeza. Walibadilisha njia ya kupima, kisha wakarekebisha ile namba ya lenzi ambayo kiwanda huichapisha kwenye sanduku ili iingizwe katika fomula, wakaweka inayolingana na mashine yao na mikono yao. Katika kurasa zilizofuata alama zimechanganyika karibu na sifuri. Marekebisho hayo hayakuhitaji mashine mpya, yalihitaji daftari na uaminifu wa kuandika hata yale matokeo ambayo mpasuaji angependa kuyasahau.

Kwa anayetaka kipimo cha kulinganishia, uchunguzi uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2009 ulipendekeza kwamba macho 85 kati ya 100 yawe ndani ya diopta moja ya makadirio, na 55 ndani ya nusu diopta. Nacho kikao cha Mkutano Mkuu wa Afya Duniani cha mwaka 2021 kiliweka lengo la kupanua upasuaji wa mtoto wa jicho hadi mwaka 2030 kwa kuhesabu waliopata matokeo mazuri, yaani wanaoona 6/12 au zaidi, ambayo kwa ubao wetu wa Kongo ni 5/10. Idadi ya waliolala mezani peke yake haihesabiki tena kuwa mafanikio. Ningependa kampeni zinazotangazwa redioni kwa idadi ya waliopasuliwa zitangaze pia ni wangapi waliofika 5/10.

Sasa lawama. Silinda ya 1.25 si ndogo, na sehemu yake ingeweza kuepukwa. Mpasuaji hukata upande wa juu wa jicho kwa kila mgonjwa, kwa mazoea ya mkono. Mkato wa juu hulegeza mpindo wa wima, na kwa wazee wengi mpindo huo tayari ndio dhaifu kuliko ule wa mlalo, kwa hiyo mkato huongeza kasoro iliyokuwepo. Keratometa ilikuwa imelionyesha hilo kwa mama kabla ya upasuaji. Mkato wa upande wa sikio ungemfaa zaidi. Nilipouliza, dokta alikiri kwamba ni kweli na kwamba anajifunza kukaa upande huo. Jibu lake lilikuwa la kiungwana, lakini daftari lao halina safu ya silinda, na kisichoandikwa hakitarekebishwa kwa haraka. Ninawaomba waiongeze.

Lawama ya pili ni mistari mitupu. Wengi wanaotoka Kipushi, Likasi au vijijini hawarudi baada ya wiki sita, ama kwa nauli, ama kwa kuwa wanaona vya kutosha na hawaoni haja. Yamkini kati ya wasiorudi wamo wenye matokeo mabaya zaidi, waliokata tamaa. Kliniki imeanza kuingiza kipimo cha mwisho na miwani ya kwanza katika bei ya upasuaji, hatua ambayo ninaiunga mkono kwa moyo wote, lakini bado haipigi simu kwa utaratibu. Pia maelezo ya matone na ya tarehe ya kurudi huandikwa kwa Kifaransa pekee, katika mji ambao wazee wengi husoma Kiswahili tu, kama wanasoma.

Kuhusu jicho la kushoto, tuliuliza kama lenzi ile ya zamani inaweza kutolewa na kuwekwa inayofaa. Dokta alishauri lisiguswe: baada ya miaka mingi lenzi imeshikamana na mfuko wake, na kuing'oa kunaweza kuupasua mfuko huo au kuumiza konea, ilhali diopta 2.00 hurekebishwa na kioo cha miwani. Nimekubaliana naye, na mama anashona kwa miwani aliyoandikiwa.