Nyota pacha: kamera au jicho?

Kiangazi kikiingia Tabora na mawingu yakiondoka, swali hurudi: nyota pacha, yaani mbili zinazoonekana zimekaribiana sana angani, tupime umbali na uelekeo kati yao kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini au kwa lenzi ya jicho, ile ya kuchungulia darubini, yenye mistari ya vipimo?

Kwa usahihi, naipa kamera. Akruksi, nyota ya mguuni mwa Msalaba wa Kusini, ni mbili zilizotengana sekunde 4 hivi za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Hewa ikitetemeka, jicho huona tone moja linalochezacheza. Kamera hupiga mamia ya picha, ukabakiza zile kali tu. Kisha zima mota inayoifanya darubini ifuate nyota, uiache nyota itambae: inakoelekea ndiko magharibi, na mwendo wake hukupa kipimo cha picha, yaani kila nukta ya picha ni sekunde ngapi za tao. Kwenye ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, nyota hutambaa sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Akruksi, iliyo kusini sana, hutambaa 7 tu. Napenda mno kuitazama ikivuka.

Ila kamera hutaka laptopu na umeme, na vumbi letu huacha viduara kwenye picha. Lenzi huridhika na kibetri cha taa yake.

Huna mota, na unapenda jozi pana kama nyota pacha ya Albireo, sekunde 35 hivi za tao? Lenzi inakutosha. Unafuatilia jozi za karibu mwaka hadi mwaka? Dunduliza ununue kamera.