Jianzi au kongzhu: upi wa bibi na mjukuu?

Ukipita asubuhi kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, Beijing, utaikuta jianzi na kongzhu, michezo miwili ya Kichina, na wachezaji wengi ni wazee. Watoto je?

Jianzi ni manyoya yaliyochomekwa kwenye kitako kizito kidogo: zamani sarafu yenye tundu, siku hizi visahani vya chuma au mpira. Watu husimama duara wakipigiana kwa miguu; mikono hairuhusiwi. Ni rahisi kununua, na anayekosa hucheka tu. Ila magoti ya bibi nayo yana mwisho wake.

Kongzhu ni kigurudumu kinachozungushwa juu ya uzi uliofungwa kwenye vijiti viwili. Kile cha mianzi kina matundu, kwa hiyo kikishika kasi huvuma, na hapo mtoto gani asigeuke? Tangu 2006 mchezo huu umo kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni wa China. Hapa mzee ana nafasi yake: kazi kubwa ni ya mikono, na mbinu anazo yeye. Lakini mwanzoni unakera, maana uzi hujisokota na kigurudumu huanguka ovyo.

Kwa mapumziko mafupi ya shule, ningechagua jianzi. Kwa familia, kongzhu, bila kusita.