Konbini ya Asakusa, duka lililotulisha saa tisa usiku

Kitinda mimba wangu, miaka mitatu, alikaa kitandani gizani akasema, "Mama, wali." Hakulia. Aliusema kama anavyousema nyumbani Tabata, Dar es Salaam, jioni, akisikia mfuniko wa sufuria. Niliangalia simu: saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Ulikuwa usiku wetu wa kwanza Asakusa, mtaa wa Tokyo. Wenzake wawili walikuwa macho tayari, wamelala chali wanatazama dari. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye mkeka anamaliza alfajiri, maana mwezi Juni huku alfajiri inaingia kabla hata ya saa tisa usiku. Aliyekuwa amelala ni mume wangu peke yake. Yeye yuko Japani tangu Machi kwa masomo, na mwili wake umeshazoea.

Kabla ya safari nilipewa ushauri mwingi, na wote ulihusu usingizi. Kunywa maji, usilale mchana, toka nje upate jua. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu njaa. Tokyo iko mbele ya Dar kwa saa sita. Wanangu walilala saa nne usiku ya huku, ambayo kwa miili yao ilikuwa saa kumi jioni, usingizi wa kawaida wa mchana. Kuamka kwao saa tisa kasoro ni sawa na saa tatu kasoro usiku kwetu, wakati ambao kila siku sahani ziko mkekani. Usingizi walikuwa wameshaumaliza. Walichokitaka ni chakula cha usiku.

Na ndani hapakuwa na kitu. Nyumba tuliyopanga kwa wiki moja, ambayo siitaji jina, picha zake zilionyesha jiko. Tulichokikuta ni plate moja ya umeme, birika dogo na friji tupu. Mapokezi hakuna, mlango unafunguliwa kwa namba.

Ndiyo maana naandika kuhusu konbini, yaani yale maduka madogo ya Japani yasiyofungwa usiku wala mchana. Nchi nzima yapo zaidi ya 55,000, mengi ya kampuni tatu: Seven-Eleven, FamilyMart na Lawson. Seven-Eleven ya kwanza ilifunguliwa Toyosu, hapa hapa Tokyo, mwaka 1974, na jina lilikuja na kampuni kutoka Marekani: kufungua saa moja asubuhi, kufunga saa tano usiku, ambazo kwa Kiingereza ni seven na eleven. Mwaka uliofuata tawi la Koriyama likaanza kukesha. La kwetu sisi lilikuwa mtaa wa pili kutoka mlangoni, ukielekea mto Sumida. Silitaji ni la kampuni gani kwa sababu yote matatu tuliyoyatumia wiki ile yalikuwa karibu sawa, na nayatathmini kwa pamoja.

Tulitoka watano, mume tukamwacha. Mvua nyembamba, Juni ni msimu wake. Mtaa mtupu, lakini haukuwa mtaa wa kutisha: taa za mashine za kuuza vinywaji kila kona, na kirikuu kimoja, kile kigari cha mizigo, chenye namba za njano kimeegeshwa. Mwanangu wa kati alikitambua kabla yangu. "Mama, hata huku kuna kirikuu!" Alifurahi kana kwamba amekutana na jirani.

Mlango ulijifungua, muziki mfupi ukalia, kijana nyuma ya kaunta akasema kitu kirefu cha kukaribisha. Ndani kuna mwanga mweupe mkali. Juu ya kaunta kulikuwa na saa ya mishale, na hapo binti yangu mkubwa, miaka kumi na mmoja, akasimama.

"Mama, mshale uko kwenye tatu."

"Ndiyo, saa tisa usiku."

"Lakini nyumbani sasa hivi ni saa tatu."

Nilihesabu mara mbili. Ni kweli. Kwa kuwa Tokyo iko mbele kwa saa sita, na sisi Waswahili tunaisoma saa kwa kuuruka mshale saa sita, basi saa ya Tokyo ikisomwa namba ilivyo ndiyo saa ya Dar kwa Kiswahili. Mshale kwenye moja, nyumbani ni saa moja. Mshale kwenye tatu, nyumbani ni saa tatu. Wiki nzima hatukuhitaji simu kujua kama shangazi zao wameshalala. Anayekuja Japani kutoka Tanzania, Kenya au Uganda alishike hili, linafaa kuliko programu yoyote ya simu.

Sasa chakula. Kuna rafu nzima ya onigiri, na mimi sina neno la kukiita ila tonge: wali umefinyangwa pembe tatu, katikati pana samaki au kitu kingine, nje umefungwa kwa mwani mkavu mweusi. Sisi tulinunua kwa yen 150 hadi 200 moja, na kwa hesabu yetu ya siku zile yen 100 ilikuwa karibu shilingi 1,700. Mtoto wa miaka saba anashiba kwa mawili. Ni wali, jamani. Si mkate wala biskuti. Saa tisa usiku, katika nchi usiyojua kusoma hata kibao cha barabara, mtoto aliyeomba wali anapewa wali.

Kulifungua tonge ni kazi yenye mpangilio. Mwani umetenganishwa na wali kwa nailoni ili usilowe, na juu zimeandikwa namba 1, 2 na 3. Namba 1 unavuta utepe wa katikati mpaka uzunguke wote, kisha unavuta pembe ya 2 na ya 3. Sisi tulichana ya kwanza, mwani ukabaki nusu kwenye nailoni. Yule kijana wa kaunta akatoka, akachukua la pili kwa mikono miwili, akaonyesha taratibu, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mdogo wake. Kwa Kiingereza akatuambia ametoka Nepal, ni mwanafunzi, na sheria inamruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki. Mama mkwe hakujua Kiingereza wala Kijapani, lakini alimshika mkono akamwambia, "Ahsante mwanangu, Mungu akuweke." Kijana aliinamisha kichwa. Alielewa, nina hakika.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pemba na amelima mwani. Amefunga kamba kwenye vigingi bahari ikitoka, amevuna, ameanika, ameuza kwa kilo kwa mnunuzi ambaye hakumwambia unakwenda kuliwa vipi. Alilishika lile tonge, akalinusa, akalitafuna polepole. "Huu si ule wetu," alisema. "Wetu mnene. Lakini bahari ni ile ile." Na kweli si jamii moja: wa Zanzibar husafirishwa kutolewa utomvu wa kugandishia vyakula, huu wa Kijapani hutandazwa mwembamba ukakaushwa kama karatasi. Usiku ule alikula matatu.

Kwa Waislamu wenzangu, hapa ndipo pa kuwa makini, na ndipo ninapopunguza alama. Maandishi ni Kijapani karibu yote. Mume wangu alitufundisha alama mbili za kutafuta kwenye orodha ya viungo: 豚 ni nguruwe, 酒 ni kileo. Mirin, inayotiwa kwenye vyakula vingi vya sosi, nayo ina kileo. Kuna na mtego wa masikio: samaki aina ya salmon anaitwa sake au shake, na pombe ya mchele ni sake pia. Siku ya kwanza nilirudisha tonge la samaki rafuni kwa sababu nililisikia jina. Sisi tulibaki na la chumvi tupu na la samaki baada ya kusoma viungo, pamoja na mayai na ndizi, ambazo huuzwa moja moja. Kuku wa kukaanga wa kaunta ananukia vizuri mno, watoto walimlilia, lakini hachinjwi kwa utaratibu wetu. Kwa nyama tulipanda treni hadi Okachimachi, ambako kuna msikiti wa Assalaam na maduka ya halali.

Chai ilitusumbua. Chupa nyingi ni chai ya kijani isiyo na sukari hata chembe, na watoto waliitema. Lakini ipo chupa iliyoandikwa Royal Milk Tea, chai ya maziwa tamu. Inauzwa baridi msimu huu. Mama mkwe aliimimina kwenye kikombe nyumbani, akaipasha, akatia iliki ya unga aliyoitoa kwenye kanga iliyofundikwa fundo. Kuanzia usiku wa pili hiyo ndiyo ilikuwa chai yetu, tukiinywa dirishani huku kunapambazuka saa kumi na nusu, mbingu ya kijivu na mnara wa Skytree, mita 634, kileleni umefunikwa na wingu.

Mambo mengine niyapitie haraka. Pesa usimpe mtu mkononi. Iweke kwenye kisahani kilichopo kaunta, au iingize kwenye mashine. Mfuko wa plastiki unalipiwa, kwa hiyo beba kikapu chako. Wakikuonyesha chakula na kuelekeza kidole kwenye maikrowevu, wanauliza wakupashie, itikia kwa kichwa. Mashine za Seven Bank ndani ya Seven-Eleven hupokea kadi za Visa na Mastercard za nje na zina Kiingereza. Tulitolea hela bila shida. Tulipata pia chaja ya simu yenye meno mawili bapa, kwa sababu plagi zetu za meno matatu hazina pa kuingia huku. Na mwavuli wa nailoni unaoonyesha, ambao mwanangu wa kati aliufungua hata ndani ya nyumba ili aone dari kupitia kwake.

Kasoro za kweli ni tatu. Kwanza mwanga. Mwili unaojaribu kusahau saa ya nyumbani hautaki taa kali usiku wa manane, na sisi tulikuwa tunakwenda kusimama chini ya taa kali kuliko zote mtaani. Usiku wa pili tulikaa dukani nusu saa, watoto wakarudi wamechangamka, hawakulala tena. Usiku wa tatu nilinunua kila kitu jioni nikakiweka kwenye friji, wakala gizani, wakarudi kulala. Nashauri hivyo: konbini iende usiku wa kwanza kwa dharura, baada ya hapo nunua mapema.

Pili, hapana pa kukaa, wala mtaani hapana mapipa ya taka, unarudi nyumbani na maganda mfukoni. Tatu ni bei. Tonge moja si ghali, lakini watu sita mara tatu kwa siku inauma, na matunda ni ya kuyaangalia tu. Siku ya nne mume wangu alitupeleka supamaketi ya kawaida, tukapata mchele, vitunguu na mafuta, nikapika kwenye ile plate moja.

Jambo ambalo konbini haiwezi kulitibu ni saa nne asubuhi. Hapo kwa miili yetu ilikuwa saa kumi alfajiri, na usingizi ulitujia kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona. Siku ya pili tulikuwa kwenye hekalu la Senso-ji, mbele ya ile taa kubwa nyekundu ya lango la Kaminarimon, watu wanapiga picha, na mtoto akanilalia begani, wa kati akakaa chini, na mimi mwenyewe nikaona miguu yangu haipo. Tulirudi. Usingizi wa saa moja, si zaidi, kisha nje tena mchana. Ilichukua siku tano.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya maandishi ya viungo, kwa sababu mama mwenye watoto wenye njaa asiyejua zile alama mbili anaweza kulisha asichotaka kulisha.

Usiku wa nne kitinda mimba alilala hadi saa kumi na moja alfajiri. Wa tano, saa kumi na mbili na nusu. Siku ya saba tulikuwa tunahamia mji wa Tsukuba kwenye nyumba ya familia aliyoipata mume wangu, na usiku wa kuamkia hapo niliamshwa na mlango. Ilikuwa saa tisa na robo. Mama mkwe, baada ya swala, alikuwa ametoka peke yake na ule mwavuli wa mjukuu. Nilimsubiri nikiwa nimesimama.

"Nimempelekea yule kijana iliki iliyobaki," alisema akivua viatu. Mkononi alikuwa na tonge la samaki, amelifungua mwenyewe, na mwani haukuchanika.